Betri na memori za kamera siku ya harusi: mwongozo kwa mpiga picha

Kamera ikizimika katikati ya harusi, mara chache huwa imeharibika. Betri imekwisha, au memori imejaa, au iliyomo ndani ni memori ya wiki jana yenye picha za watu wengine na hakuna anayejua kama zilishanakiliwa. Lenzi ya mamilioni haikusaidii hapo. Mwongozo huu unafuata siku moja ya kazi, tangu jioni ya kuamkia harusi hadi picha zinapolala salama kwenye diski, na msimamo wake ni mmoja: usitegemee kukumbuka. Saa nne usiku, muziki umepanda, MC anakuita mbele kwenye keki, kichwa hakitakuambia betri ipi imejaa na memori ipi imetumika. Vitu vyenyewe ndivyo vikuambie.

Ijue betri yako kwanza

Jina la betri limeandikwa kwenye betri yenyewe, na ndilo utakaloulizwa dukani. Canon 6D, 80D na 5D Mark IV zinatumia familia ya LP-E6. Canon ndogo kama 1300D na 2000D zinatumia LP-E10. Nikon D750 na D7200 ni EN-EL15. Kwa Sony, a6000 na a7 za mwanzo zinakula NP-FW50, na kuanzia a7 III ni NP-FZ100.

Tofauti ya betri hizi si umbo tu. Kwa mAh, kipimo cha chaji inayobebwa, LP-E10 ina 860, NP-FW50 ina 1020, LP-E6N ina 1865, na NP-FZ100 ina 2280, zote zikiwa na volti 7 na kitu. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kina kipimo chake cha picha ngapi hupigwa kwa chaji moja: 5D Mark IV hupewa 900, a7 III hupewa 710, a6000 hupewa 360. Usizishike namba hizo kama msahafu. Ukipiga mfululizo bila kuangalia skrini utazipita, na ukikaa unamwonesha kila shangazi picha yake, hutazifikia. Zinafaa kwa kulinganisha, na zinaeleza kwa nini aliyehama kutoka kamera ya kioo cha ndani (DSLR) kwenda isiyo nacho (mirrorless) hushtuka siku ya kwanza. Kamera isiyo na kioo cha ndani huendesha sensa, yaani kile kipande kinachopokea picha, na skrini muda wote unaotafuta picha, hata kabla hujabonyeza chochote.

Kwa kazi inayoanza kwa mpambaji asubuhi na kuishia ukumbini usiku, mimi naona betri tatu za LP-E6 zinatosha. Kwa NP-FW50, chini ya tano ni kujitafutia presha. Ukichukua na video, ongeza mara mbili.

Betri zisizo za kampuni ya kamera zinauzwa nusu bei au chini ya hapo, na si zote mbaya. Soma lebo kwa akili tu. Betri yenye ukubwa uleule wa LP-E6 inayodai mAh mara mbili ya ile halisi inakudanganya, kwa sababu nafasi ya kuweka uwezo huo haipo. Nyingine hufanya kazi vizuri lakini kamera haiwezi kusoma asilimia zake, kwa hiyo huonekana imejaa mpaka dakika inapozima. Zitumie za namna hiyo wakati wa kupamba, ambapo kusimama kidogo hakumuumizi mtu. Wakati wa nikaha au kiapo weka ile unayoiamini.

Canon zinazotumia LP-E6 zina jambo zuri ambalo wengi hawajalifungua. Kwenye menyu, sehemu ya taarifa za betri, utaona vipau vya afya ya betri: vitatu vya kijani ni nzima, viwili imeanza kuchoka, kimoja chekundu nunua nyingine. Ukinunua betri iliyotumika, mwombe muuzaji muiangalie hapo pamoja kabla hujatoa pesa.

Jioni ya kuamkia kazi: kuchaji

1. Anza kuchaji umeme ukiwepo, sio unapotaka kulala. Chaja ya LP-E6 huchukua kama saa mbili na nusu kwa betri moja, kwa hiyo betri tatu ni usiku mzima wa kuamka na kubadilisha. Ukiwa na chaja mbili unamaliza kwa kama saa tano. Wenye a6000 waliopewa waya wa USB tu bila chaja ya pembeni wanajua kuchaji betri ndani ya kamera huchukua zaidi ya saa tano. Chaja ya pembeni ni ununuzi wa kwanza kabla hata ya begi.

2. Soma taa. Kwenye chaja ya LP-E6 taa ya machungwa ikipepesa mara moja moja, betri haijafika nusu. Ikipepesa mara mbili mbili imepita nusu, mara tatu tatu imepita robo tatu, na kijani imejaa.

3. Ikijaa, ivalishe kifuniko chake hapohapo. Kifuniko cha betri za Canon kina tundu lenye umbo la betri, na hakikuwekwa kwa urembo. Ukikivalisha upande mmoja, rangi ya bluu ya lebo inaonekana tunduni, ukikigeuza haionekani. Bluu ikionekana, betri imejaa. Isipoonekana, imetumika. Kama betri zako hazina kifuniko cha aina hiyo, bandika selotepu ya rangi kwenye kila iliyojaa na uibandue unapoiingiza kwenye kamera.

4. Andika namba kwa kalamu ya wino usiofutika: 1, 2, 3. Baada ya miezi michache utajua kuwa namba 2 ndiyo inayokuangusha, na hutalaumu zote.

5. Betri za flashi zichaji siku hiyohiyo. Flashi nyingi za kuvalisha juu ya kamera hula betri nne za AA. Tumia za kuchajiwa za NiMH. Zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 na watu huziogopa kwa hilo, lakini hurudisha flashi haraka kuliko zile za kutupa. Zile za bei rahisi za redio na saa ya ukutani usizitie kabisa, zitakuacha unasubiri flashi ijae wakati bibi harusi ameshapita. Wala usichanganye mpya na kuukuu katika flashi moja.

Umeme wenyewe unataka neno. Karibu chaja zote za kamera zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Chaja uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani yenye meno mawili bapa haihitaji transfoma, inahitaji adapta ya plagi tu ili iingie kwenye soketi zetu za matundu matatu. Kinachoua chaja ni umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Chomoa mpaka utulie, au pitisha kwenye kifaa cha kulinda kama kile cha friji. Jenereta ya ukumbini, ile inayobadilisha sauti kila DJ anapopandisha muziki, mimi siiamini na chaja.

Mgao ukikukuta, gari linakuokoa. Zipo chaja za betri za kamera za kuchomeka kwenye tundu la volti 12, na nyingine za USB zinazotumia pawa benki. Kamera mpya kadhaa hukubali kuchajiwa kwa USB-C moja kwa moja. Kwa anayerekodi video ndefu akiwa amesimama sehemu moja, kama mahubiri au kongamano, kuna betri bandia: umbo la betri lenye waya unaokwenda ukutani. Inaondoa wasiwasi wote, ila ufunge waya chini kwa gundi ya karatasi maana watoto wa harusi hawaoni waya.

Memori: kusoma maandishi yake

Namba kubwa iliyoandikwa mbele ya kadi, 170 MB/s au 200 MB/s, ni kasi ya kusoma, tena katika hali nzuri kabisa. Inakuhusu unaponakili kwenye kompyuta. Kamera inajali kasi ya kuandika, na dhamana yake imo kwenye alama ndogo. C10 na U1 zinaahidi isishuke MB 10 kwa sekunde. U3 na V30 zinaahidi 30, V60 inaahidi 60 na V90 inaahidi 90. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inaandika kama MB 12.5 kila sekunde, kwa hiyo C10 peke yake haitoshi na V30 inatosha kwa raha. Anayekuambia huwezi kupiga 4K bila V90 anataka kukuuzia.

Alama ya I au II ya Kirumi ni aina ya njia, UHS-I au UHS-II. Kadi ya UHS-II ina safu ya pili ya vyuma nyuma. Itafanya kazi kwenye kamera ya zamani, ila kwa mwendo wa UHS-I, na pesa ya ziada itakuwa imelala.

Kisha ukubwa. SDHC inaishia GB 32, SDXC inaanzia juu ya hapo. Kamera za kabla ya 2009 huenda zisiitambue SDXC kabisa. Ukiokota kamera ya zamani, nunua GB 32. Kadi za SDHC hutumia mfumo wa FAT32 usiokubali faili moja kuzidi GB 4, ndiyo maana video ndefu hukatwa vipande. Si kosa la kamera, viunganishe kwenye kompyuta.

Hesabu ya haraka: kamera ya megapikseli 24 ikipiga RAW, yaani picha ghafi, faili moja ni MB 25 hadi 30, kwa hiyo GB 64 ni picha 2,000 na ushee. Video ya megabiti 100 inakula GB 45 kwa saa, GB 64 ileile inakwisha ndani ya saa moja na nusu isiyotimia.

Kadi moja kubwa au ndogo kadhaa? Kamera yenye tundu moja, mimi nasema GB 64 mbili au tatu. Ikifa moja, umepoteza kipande cha harusi na si harusi nzima. Kamera yenye matundu mawili, kama D750, 5D Mark IV au a7 III, iweke iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili na uache ubishi. Wengi hulitumia tundu la pili kama nafasi ya akiba tu, na hapo wanaitupa sababu kubwa ya kulipia kamera ile. Fahamu tu kuwa kasi itafuata kadi iliyo nyuma zaidi, na kwenye a7 III tundu la kwanza pekee ndilo la UHS-II.

Feki

Memori feki ziko nyingi na nyingine zimefungwa vizuri kuliko za kweli. Ujanja wake ni mmoja: kadi ya GB 8 imefanyiwa utundu iseme ina 128. Picha za mwanzo zitaingia salama, utazitazama kwenye skrini na kufurahi. Zitakazozidi uwezo wa kweli zitapotea au kugeuka mistari ya kijivu, na utajua siku unayozifungua.

Kwa hiyo kadi mpya isiende kazini kabla ya kupimwa. Kwenye Windows kuna programu ya bure ya H2testw; kwenye Mac na Linux kuna F3. Zote hujaza kadi yote kwa data, kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kadi ya GB 64 inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, hasa kwenye kisoma kadi cha zamani. Acha iendelee, kafanye mengine. Ikigoma, rudisha dukani ukiwa na risiti na picha ya matokeo.

MicroSD ndani ya adapta inafanya kazi, lakini umeongeza mlango mmoja zaidi wa hitilafu. Iache kwa droni na simu.

Asubuhi, kabla ya kutoka

Fomati kadi ndani ya kamera utakayoitumia, si kwenye kompyuta. Kamera hujipangia folda zake ndani ya DCIM, folda kuu ya picha, na huelewana vizuri na kadi iliyoipanga yenyewe. Lakini kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa macho kuwa picha za mwisho za kadi hiyo zipo kwenye diski mbili. Wala usifomati mlangoni kwa mpambaji. Fanya nyumbani, umekaa.

Kisha pita kwenye menyu. Namba za faili ziwe "Continuous", zisianze upya kila unapobadilisha kadi. Bila hivyo utakuwa na IMG_0001 tatu za harusi moja, na ukizinakili kwenye folda moja zitafutana. Weka saa na tarehe ya kamera zote mbili zilingane, maana picha zitapangwa kwa muda. Zima Wi-Fi, Bluetooth na GPS kama huzihitaji. Canon 6D ina GPS inayoendelea kula betri hata ukiwa umezima kamera kwa swichi, na wamiliki wake wengi wamekwishailaumu betri bure. Mwisho, angalia kile kitelezi kidogo ubavuni mwa kadi ya SD. Kikishuka, kadi inafungwa na kamera itakataa kuandika. Kikilegea chenyewe kwa uzee, kipande cha selotepu kinakusogeza hadi mwisho wa kazi, kisha iache kadi hiyo.

Begi sasa. Kulia ni vilivyo tayari, kushoto ni vilivyotumika. Betri na memori sheria moja. Kwa kadi, tumia pochi yake: isiyotumika uso juu, iliyotumika uso chini. Mkabidhi msaidizi wako utaratibu huohuo, na usikubali hata siku moja kadi kuwekwa mfuko wa shati. Betri nayo isiingie mfuko mmoja na funguo au sarafu, vyuma vyake vikikutanishwa itapata moto.

Ukumbini: kubadilisha

Badilisha kabla hujalazimika. Betri ikifika asilimia 20 na MC ametangaza mlo, toa, weka iliyojaa. Ile ya asilimia 20 bado ina kazi, ni akiba ya dharura. Kadi vivyo hivyo: zikibaki picha mia na maharusi hawajaingia, usisubiri.

Zima kamera. Tazama taa ndogo ya kuandika karibu na mlango wa kadi, isubiri izime. Baada ya mfululizo mrefu wa RAW kamera huendelea kuandika hata ukishaizima, na kufungua mlango wakati huo ndiyo njia ya uhakika ya kupoteza picha au kuvuruga kadi nzima. Ikishazima, bonyeza kadi itoke, iweke uso chini kwenye pochi, ingiza mpya, washa, piga picha moja ya sakafu na uione kwenye skrini. Sekunde chache tu.

Kwa wenye kadi za CF (CompactFlash), ingiza kwa unyoofu na usilazimishe. Ndani ya kamera kuna pini nyembamba, na moja ikipinda ni kazi ya fundi.

Usikae unafuta picha mbaya moja moja katikati ya sherehe. Unakula betri, na kidole kikiteleza gizani kinafuta nzuri.

Memori ikigoma

Kamera ikiandika kosa la kadi au picha zikatoweka, acha kuitumia kadi hiyo papo hapo. Itoe, iweke pembeni peke yake, endelea na nyingine. Kamera ikikuomba uifomati, kataa. Faili iliyofutwa hubaki kwenye kadi mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo kila picha mpya unayoipiga inaweza kuwa inazika ya zamani.

Nyumbani, jaribu kwanza kisoma kadi kingine na kompyuta nyingine. Mara nyingi kosa ni vumbi au kisomaji. Futa vyuma vya dhahabu kwa kitambaa kikavu. Ikishindikana, PhotoRec ni ya bure na inazijua CR2 za Canon, NEF za Nikon na ARW za Sony. Sura yake ni ya kizamani, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, lakini inafanya kazi. Ielekeze ihifadhi inachokipata kwenye diski ya kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya faili yatapotea, picha zitarudi. Kadi iliyokufanyia hivyo mara moja isirudi kazini, hata kama baada ya kufomati inaonekana nzima.

Kurudi nyumbani

Nakili, usihamishe. Ukikata na kubandika, kisha waya ukachomoka katikati, hujui kilichobaki wapi. Fungua folda yenye tarehe na jina la kazi, ndani yake folda ya kila kadi, nakili DCIM yote. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda, kisha fungua picha chache za mwanzo, za kati na za mwisho. Rudia kwenye diski ya pili. Diski hizo mbili zisilale nyumba moja kama unaweza. Mwizi na maji ya mvua havichagui diski. Ondoa kadi kwa kuiaga kompyuta kwanza (eject), usiing'oe.

Kadi zibaki bila kufomatiwa mpaka mteja apokee kazi yake. Ukiona huwezi kwa sababu kadi ni chache, ongeza kadi. Ni rahisi kuliko kumweleza mama wa bibi harusi.

Kutunza na kusafiri

Betri zisizotumika kwa wiki kadhaa zipumzike zikiwa na chaji kama nusu, nje ya kamera, mahali pasipo joto. Joto ndilo linalozizeesha, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Pwani, weka kadi na betri kwenye kopo linaloziba vizuri na vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi hushika vyuma.

Baridi nayo haiui betri bali huifanya ijione imekwisha. Wanaopanda Kilimanjaro hukutana nalo usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895: betri iliyokuwa robo tatu jioni inasoma sifuri alfajiri. Zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia, na njiani zikae mfuko wa ndani wa koti. Iliyokataa ikipata joto la mwili huamka tena.

Kwenye ndege betri za akiba zinakwenda na begi la mkononi, hazikabidhiwi na mizigo. Ziwe na vifuniko vyao. Za kamera hazina tatizo la ukubwa, LP-E6N ni Wh (saa-wati) 14 na kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni Wh 100. Pawa benki ndiyo ya kuangalia: ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita, zile kubwa za kuendesha taa za video nyingine huvuka kikomo hicho.

Betri iliyovimba ikakataa kutoka au kuingia kwa ulaini, usiichaji tena, usiitoboe, usiitupe jikoni wala kwenye takataka za kuchomwa. Ziba vyuma vyake kwa gundi ya karatasi, iweke kwenye kopo la bati nje ya nyumba, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme.